Mama Haingii Kanisani

Mtaa wa Fedha, 2 Februari

Mama mpenzi,

Bwana asifiwe. Mimi na watoto tu wazima, ila joto ndilo linatusumbua. Wewe je, umeamkaje? Mgongo umepoa?

Leo nimekutana na Mirriam wa kanisani kwenu sokoni. Anasema jana ulisimama tena nje ya ua wa kanisa, umejifunga leso juu ya kanzu yako nyeupe, tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Na kwamba ni hivyo tangu kabla ya Krismasi. Desturi yenu naijua: mwanamke aliye katika siku zake haingii. Lakini Mama, ni siku gani hizo zisizokwisha? Niambie ukweli, moyo haunitulii.

Binti yako,
Maurine

Makongeni, 6 Februari

Maurine mwanangu,

Salamu katika jina la Bwana. Nashukuru mko wazima. Nakuandikia badala ya kupiga simu maana kuta za hizi nyumba za reli zina masikio, na mdomo wa Mirriam hauna breki.

Ni kweli. Damu haikomi. Daktari ameona uvimbe kwenye kizazi, anataka kuutoa upesi. Nilimwambia nitarudi. Mwanangu, siwezi kulala chini ya kisu kabla sijapiga magoti madhabahuni nikaombewa. Na madhabahuni siendi na damu. Kwa hiyo nangoja ikauke, hata kwa Jumapili moja tu.

Usinicheke. Pale nje tuko na Winny, aliyejifungua juzi juzi, na Nabiswa, aliye katika siku zake. Tunaimba pamoja na walio ndani, ila wimbo hutufikia umechelewa. Wenzangu huja wakaenda. Mimi nimebaki kama soja wa geti.

Mama yako

Fedha, 7 Februari

Mama,

Sicheki, nalia. Huingii mpaka damu ikome, damu haikomi mpaka utibiwe, na kutibiwa huendi mpaka uingie. Utazunguka hapo hadi lini? Hadi tukuzike?

Njoo kanisani kwetu hapa Fedha. Hakuna anayemuuliza mtu habari za mwili wake. Unaingia, unaombewa, Jumatatu tunaenda hospitali. Mungu ni yuleyule.

Maurine

Makongeni, 9 Februari

Maurine,

Hukunisalimia, nami nimeona. Salamu hata hivyo.

Huko kwenu mnaingia kwa Mungu mkitafuna peremende. Mimi namwogopa, na sitaki kuponywa woga huo. Ni mtakatifu. Siku tuliyomzika baba yako, ni huyohuyo wa kuogopwa aliyenishika nisianguke. Nikimwendea nikiwa mchafu nitamwambia nini?

Nimemuuliza Mzee Zedekiah, mkuu wa kanisa letu. Ni mtu mwema, hata machozi yalimlengalenga. Akasema, "Mama Maurine, Mungu anakusikia hata ukiwa nje. Vumilia." Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Usinipigie simu.

Mama yako

Fedha, 24 Februari

Mama yangu,

Salamu nyingi na heshima. Watoto wanakuulizia kila siku.

Hupokei simu. Winny ameniambia ulianguka bombani ukichota maji, ukamkataza asinieleze. Nisamehe kwa maneno ya siku ile, nilikusemesha kama mtoto.

Sitakuita kwetu tena. Ingia kwenu. Unasema ni mtakatifu, nami nasadiki. Lakini yule mama wa Injili aliyetokwa damu miaka mingi, alipoligusa vazi la Yesu, ni nani aliyechafuka? Kwa sheria yao Yesu ndiye angenajisika. Badala yake mama akapona. Kama tungeweza kujitakasa kwanza ndipo tumwendee Mungu, msalaba ulikuwa wa nini?

Naogopa, Mama. Nijibu hata neno moja.

Binti yako,
Maurine

Makongeni, Jumapili, 1 Machi

Maurine mwanangu,

Bwana asifiwe. Natumai wajukuu zangu hawajambo. Leo niliingia.

Hakuna aliyeniita. Nilifungua geti ngoma ikipigwa, nikapita kati ya safu ya wanaume na ya wanawake. Ngoma ikanyamaza. Mzee Zedekiah akasema kwa upole, "Mama Maurine, bado." Nikamwambia, "Mzee, nimengoja kutakata na sikutakata. Nimekuja hivi hivi." Nikapiga magoti.

Hakuna aliyeniwekea mkono. Mirriam aliinuka, akaketi tena. Nilidhani nitakufa palepale, maana niliogopa kweli, na bado namwogopa. Nikaomba peke yangu, maneno machache: Baba, nirehemu kwa ajili ya Yesu. Sikufa. Nilikaa pale hadi miguu ikafa ganzi, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi sikutamani kuwa mahali pengine. Mzee hakusema amina, wala hakunitoa.

Sijui Jumapili ijayo watanifanyia nini. Labda watanitenga. Barua hii naituma kwa mkono ikufikie leo; kesho asubuhi njoo unipeleke kwa daktari, nguo nimeshafunga. Kisu nakiogopa, sitakudanganya. Nisipoamka, watu watasema mengi matangani. Yote waache waseme, ila usikubali mtu yeyote aseme nilikufa nikiwa nje.

Mama yako