Uso Nilioufuta Dirishani

Shoga uko wapi. Nimeharibu. Nimeufuta uso wa malaika.

Yule wa dirisha kubwa la kanisa kuu, niliyekwambia mashavu yake yamejaa masizi ya mishumaa. Nilipitisha pamba yenye maji mara moja. Mara moja tu. Macho yakaja na pamba, mdomo ukafuata. Kimebaki kioo kitupu, jua linapita kama vile hapakuwahi kuwa na mtu.

Rangi ya kioo huchomwa tanuruni ndipo ishike, maji hayaiwezi. Hii haikuchomwa. Na mimi sikujaribu pembeni kwanza, kitu ambacho mjomba, anayenifundisha kazi hii ya vioo, ananiimbia kila siku.

Akanifuata juu ya jukwaa la mafundi na magoti yake yale mabovu. Nilijua leo nitatukanwa. Akakitazama kioo. Akasema, "Mwaka ule nilipomchora, tanuru lilikuwa bovu. Nikasema rangi nitaichoma baadaye, nikasahau."

Nikamwambia nisamehe mjomba, tutamchora tena, tutafute hata picha ya kuiga.

Akasema, "Picha ipi? Huyo ni dada yangu."

Shoga, mjomba dada yake ni mmoja. Mama. Mama aliyefariki mimi bado nanyonya, ambaye hakuacha picha hata moja. Miaka miwili nakula chakula changu chini ya dirisha lile. Kumbe mjomba, amesema mwenyewe, alikuwa anasubiri limalizike kusafishwa ndipo anionyeshe.

Ameshuka. Mimi bado niko huku juu. Pamba ninayo mkononi, imeloa rangi ya kahawia, na sijui niiweke wapi.