Babu na Papa Narcisse, 1957

Mukasine, uko? Niko na hasira sana!

Natoka sasa hivi ku fête, sherehe ya ekipe ya mpira ya parokia, ile ilishindaka kule Mpofi mu 1957. Ku bachezaji ba ile siku, balibakia bazima babili tu: Babu yangu Ndayambaje, na Papa Narcisse mwenye alitiaka goli.

Banamupa Narcisse micro. Anasema: "Sisi tulicheza muzuri. Ndayambaje peke yake njo alikuwa anapiga bantu."

Anapiga bantu!! Mbele ya bajukuu!!

Na ni yeye Narcisse njo alikuwa anamuambia mbele ya kila mechi: "Mwenye atanigusa, umuangushe." Narcisse alikuwa mudogo sana wa mwili. Babu alikuwa anamufuata mu kiwanja kama ng'ombe na ndama yake.

Nikasimama niseme. Babu akanishika mukono: "Acha, mutoto."

Maziwa ikaletwa. Kwetu mukubwa njo anakunywa wa kwanza, na Babu anamuzidi miaka mbili. Bakapatia Narcisse! Na Babu akapiga makofi!

Narcisse akacheka, meno yake yote ya mbele iko. Ya Babu ilibakia Mpofi, siku beki wa kule alirushia Narcisse kiwiko, na Babu akaweka uso yake mbele.