Mto Chini ya Mchanga

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Buhongwa tu wazima. Babu yako bado anagombana na goti lake, na mbuzi amezaa mapacha.

Unauliza ufanyeje, bosi anapotaka ubadilishe majibu ya kompyuta. Mimi yalinikuta miaka ya tisini, nikiwa ofisi ya maji, wawekezaji walipokuwa wakimiminika. Kiwanda kimoja cha Nyakato kilitaka kuchimba visima virefu kando ya mto. Modeli yangu ya kompyuta, ile hesabu ya kuigiza mwendo wa maji, iliunganisha mto na maji ya ardhini, na kila nilipoiendesha ilionyesha jambo lilelile: visima vikivuta sana, wakulima na ng'ombe wa huko chini watakosa maji.

Mkuu wetu akaniambia mbele ya wageni wa kiwanda, "Binti, mto ni mto, kisima ni kisima. Vitenganishe."

Nikamuuliza, "Mzee, kwenu kiangazi, mto ukikauka, mlichota wapi maji?"

"Si tulifukua mchanga palepale mtoni," akajibu.

"Basi mto ulikuwepo, chini ya mchanga. Mimi sitenganishi."

Wiki hiyohiyo nikahamishiwa stoo. Modeli akapewa mwingine, akatenganisha, visima vikachimbwa. Siku hizi kiangazi ukifukua mchanga pale, mkono unazama hadi begani na hupati hata unyevunyevu.

Wapo wanaosema nilishindwa. Waache waseme. Leo hii wakiniita tena, jibu langu ni lilelile: sitenganishi.

Lako ni lipi?

Bibi yako