Kuinama Bila Jiwe

Kaka yangu mpendwa,

Mwandiko huu usiucheke, naandikia juu ya goti. Nimekaa kwenye kizingiti cha jiko lako hapa mtaani Lizaboni, na kamba ya mbwa wako nimeizungusha kiganjani mpaka vidole vimekufa ganzi. Ndiyo, ni mimi, mdogo wako yule ambaye akisikia mbwa anabweka mtaa wa pili hubadili njia.

Woga huu unaujua ulikoanzia. Kule nyumbani Madaba, njia ya kisimani, mbwa wa jirani alining'ata paja na watu wakasema ana kichaa. Nilichomwa sindano tumboni, wewe ukinishika mkono na kutazama pembeni. Baadaye ukanipa kinga yangu: "Ukimwona mbwa, inama. Hata kama hakuna jiwe, we inama tu." Nikainama utoto wangu wote. Hakuna mbwa wa kwetu asiyekimbia mtu akiinama, na ndivyo nilivyofika shule na kanisani salama.

Halafu ukarudi kutoka Dar, ukanichukua tukae hapa Lizaboni, ukaja na mambo yako mapya. Tangu biashara za watu binafsi ziwe ruksa, makampuni ya ulinzi yalikuwa yameota kama uyoga, nawe ulishika mbwa wa kampuni mojawapo mpaka ukachoka. Ulichokuja nacho ni mkanda wa video. Tuliutazama kwenye kibanda cha video: mbwa wa Ulaya wanaruka fito, wanapita ndani ya bomba, wanapanda ubao na kushuka, watu wanapiga makofi. Nikakuuliza wanamkamata mwizi gani.

"Hakuna mwizi," ulisema. "Ni mchezo. Mtu na mbwa wake, basi."

Ukakata pipa la dizeli pande zote mbili ukalilaza uani. Ukapanga mianzi juu ya matofali, na ubao juu ya gogo. Majirani wakasimama nje ya ua wakinong'ona kwamba Dar imekuharibu, nawe ukamwita yule mbwa uliyemwokota mtaani Mtasema, ili wajue umewasikia.

Siku ya kwanza uliniweka mwisho wa pipa. "Inama hapo, umwite, akuone uso." Nikainama, nikamwita. Mtasema alinitazama kupitia pipa, akageuka, akaruka ua wa mabanzi juu kuliko mianzi yako yote, akapotea hadi jioni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukainuka, ukapatazama pale aliporukia.

"Wale wa kwenye video hawajawahi kupigwa mawe," ulisema. "Huyu tutaanza na kuinama."

Basi kila asubuhi uliinama mbele yake, ukamwonyesha viganja vitupu, ukabaki hivyo hivyo mpaka aache kurudi nyuma. Pipa likaja baadaye, akawa analipita kama mlango wa kwake. Mimi ulinisihi nijaribu. Niliinamia nyuma ya mlango wa jiko, nimeushika kwa mikono miwili, nawe hukunilazimisha.

Tangu tulipotoka kukuzika Madaba, Mtasema amekuwa akiishi ndani ya pipa lile, akimngurumia kila anayesogea. Chakula nilikuwa namsukumia kwa fimbo ndefu. Juzi balozi wetu wa nyumba kumi akapita, uso umemkunjamana. Nikamwamkia.

"Marahaba. Kesho kutwa gari la kuua mbwa linapita mtaa huu, kuna kichaa kimeonekana. Mbwa asiye na kamba mkononi mwa mtu, wanapiga risasi. Huyu nani anamshika?"

"Kaka," nilijibu.

"Pole, mwanangu. Nauliza aliye hai."

Neno kichaa lilinishika tumboni palepale penye zile sindano. Na kama anacho? Nikamsukumia bakuli la maji, nikasikia anakunywa, na mwenye kichaa huogopa maji, nikapumua kidogo. Lakini kunywa maji si kutoka nje.

Leo asubuhi risasi ya kwanza ililia upande wa barabara kubwa. Nikafinyanga ugali kwa mchuzi wa dagaa, nikapiga magoti mbele ya pipa. Akanguruma. Nikamwonyesha viganja. Kaka, sikufichi, nilikojoa kidogo. Kisha nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega. Ndani kulikuwa na harufu ya mafuta na ya koti lako alilolilalia. Pipa lilikuwa linatetemeka, nikadhani ni mimi, nikajikaza nisisogee hata kidogo. Likaendelea kutetemeka.

Alikula mkononi mwangu. Kamba nilimfunga bila kumwangalia usoni.

Gari limeshapita. Mwenye bunduki alisimama getini akatazama mbwa, akatazama kamba, akanitazama mimi na sketi yangu iliyolowa, akaenda zake. Risasi nyingine nilizisikia kule chini, na kila moja ilitushtua sote wawili.

Usidhani nimepona. Namwogopa mbwa wako kama nilivyomwogopa jana, na sijui kesho nitamlishaje bila fimbo. Sasa hivi kalamu imenidondoka. Nikainama kuiokota bila kufikiri, naye akasimama wima, masikio nyuma, kamba ikakazika. Kalamu nikaiacha palepale kwanza. Nikabaki chini, nikafungua viganja, nikakaa hivyo hivyo kama ulivyokuwa unakaa wewe.

Hakukimbia, kaka. Na mimi sikukimbia.

Lala salama huko Madaba. Mbwa wako ninaye.

Mdogo wako mwoga