Jumapili Mama Anang'aa, Jumatatu Ninambeba Peke Yangu

Shangazi Daphrose, mimi ni msomaji wako wa Kabeza, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana nimefika mahali sijui kama nina haki ya kulalamika au nina roho mbaya tu.

Naitwa Alida, ni fundi cherehani, familia yetu ilitoka Bujumbura, na mama yetu Pudentienne alitulea peke yake, mimi na kaka zangu Léonce na Achille. Tangu apooze upande wa kulia yuko kwangu, kwa sababu mimi ndiye binti na sina mume, hakuna aliyeniuliza, walimleta na godoro lake wakashusha, wakanywa chai, wakaondoka. Akili yake ni nzima, maneno yanatoka polepole lakini yanatoka, mimi namwogesha, namgeuza, namlisha, nanunua nepi za watu wazima, na mituweli, hiyo bima ya afya, inatusaidia hospitalini lakini haiji nyumbani kumwinua mtu kitandani. Nilienda kwa mkuu wa umudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, akanijibu kwa upole tu kwamba msaada unaanzia kwa wazee wasio na mtu, na mama yangu ana watoto wa kiume wenye magari.

Sasa Shangazi, kila Jumapili baada ya misa kaka zangu wanakuja, na mimi huamka mapema nikamwogesha mama, nikampaka mafuta, nikamvalisha mushanana wake wa sherehe, nikafukiza ubani harufu iishe, nikapanga Fanta mezani, kwa sababu kwetu hatukulelewa kumwonyesha mgeni mambo ya chumbani, na Léonce akiingia tu anapiga makofi, "Mama iko anang'aa! Dada, uko unamushika vizuri, Mungu akubariki!" wanapiga picha, wanaituma kwenye grupu ya familia, wanarudi Gahanga kwenye nyumba zao mpya. Na hao ndio wanaotoa michango ya harusi za watu bila kusukumwa.

Chumba changu cha kushonea nakifungua siku moja moja, wateja wamehama, na mwenye nyumba amesema mwisho wa mwezi anampa mtu mwingine. Nilijikaza nikamwambia Achille tusaidiane tumlipe mtu wa kukaa na mama mchana, akacheka, "We funga tu duka, Alida. Ama unataka kumulipisha mama yako?" Nikaenda kulia jikoni. Shangazi, nifunge? Na hivi kweli nani anapaswa kulipa?

Alida, Kabeza

Alida mwanangu,

Sijakukasirikia. Pole sana, na namaanisha, maana mgongo unaouma kwa kumwinua mtu mzima naujua. Ila kaa vizuri nikugombeze kidogo.

Wewe unauliza nani alipe na huku unalipa wewe, peke yako, kwa cherehani yako. Halafu kila Jumapili unaamka alfajiri kuficha risiti! Mushanana, ubani, Fanta. Kaka zako ni wavivu wa kufikiri, sikatai, lakini macho wanayo, na wewe umeyapa macho hayo mama anayeng'aa. Léonce akiambiwa leo kwamba nyumbani kwako kuna shida atashangaa kwa dhati. Na tangu lini Léonce akawa mgeni? Alizaliwa na mama huyo huyo.

Kuhusu serikali, mkuu wa umudugudu amekujibu kwa hali ya leo. Wazee wanaongezeka, sisi tunazaa wachache na tunakaa mbali mbali, itabidi siku moja nchi nzima tuketi tuulizane habari ya mfuko wa kuwatunza, na mimi nitakuwa mstari wa mbele, magoti yangu nayo yameanza. Lakini mama yako anahitaji kugeuzwa jioni hii.

Duka usifunge. Mpigie mwenye nyumba kesho, omba muda. Kisha waambie kaka zako waje Jumamosi asubuhi, walale hapo, waondoke Jumatatu, na wewe uende kushona. Sitaki umwaibishe mama, mwache safi kama kawaida yako. Najua mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake, na hilo sibishani nalo. Basi watafute mwanamke wa kumwogesha, wamtafute wenyewe, wapatane naye wenyewe, wanunue nepi wenyewe. Achille atakaporudi Gahanga hatakuuliza tena kama unamlipisha mama. Watakachomlipa mwanamke huyo kwa siku mbili ndicho cha kuanzia mazungumzo, na mkigawana, kazi yako wewe ya usiku ihesabiwe kuwa mchango, tena mkubwa. Wakikataa, zungumza na wake zao. Wakikataa tena, andika hali halisi kwenye hiyo grupu ya picha, bila matusi, shangazi na wajomba wasome.

Na kikao kifanyike kando ya kitanda, si sebuleni. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umemuuliza Achille, umemuuliza mkuu wa umudugudu, umeniuliza mimi nisiyekujua. Mama mwenye akili nzima, aliyewalea watatu peke yake, hakuna aliyemuuliza anataka nini. Weka chini simu unayonisomea, mwanangu, nenda ukae naye, na umsubiri amalize sentensi.