Ubeti wa Tatu Uimbwe Wazi

Jumatatu, 3 Machi

Makubwa! Feni ya ukumbi wa cherehani ina mwaka mzima haizunguki, mlango wa choo cha wanawake unafungwa kwa kamba, lakini leo kiwanda kimetuletea mwalimu wa sauti. Ndiyo, wa kuimba. Afisa Utumishi kapanda juu ya marobota ya sponji akatangaza: tarehe 21 kiwanda kinatimiza miaka ishirini, mgeni anakuja kutoka makao makuu, na kwaya ya wafanyakazi lazima isikike neno kwa neno. Wimbo katunga mwenyewe. Tukapiga makofi. Utafanyaje?

Mwalimu ni mama mwembamba, miwani inaning'inia kifuani. Alitusikiliza ubeti mmoja. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, tulikuwa tunaimba kwa lugha gani.

Jumatano, 5 Machi

Leo tumelazwa chali kwenye magodoro yenye kasoro, kila mtu na tofali tumboni. Pumzi itoke chini, tofali lipande, mabega yatulie. Miaka kumi na mmoja nashona makava ya magodoro haya, na leo ndiyo mara ya kwanza kuyalalia. Kumbe mazuri! Kinanda, yule wa stoo mwenye sauti nene, alilala kabisa akakoroma, tofali lake likipanda na kushuka vizuri kuliko letu sote. Mwalimu akamtolea mfano.

Ijumaa, 7 Machi

Kizibo cha chupa. Unakibana kwa meno ya mbele, unasoma maneno, mate yanakutoka. Kisha unakitoa na kusoma tena — maneno yanakuja yamenyooka, kila moja kivyake! Sikujua kama mdomo wangu unaweza.

Nimerudia jikoni. Baba Watoto kachungulia, kauliza kama lile jino limeanza tena. Nikamwambia najifunza kutamka. Akasema siku mke wake atakapoanza kusikika vizuri, atakayehama ni yeye. Cheka tu, baba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepewa ubeti! Peke yangu!

Nianze mwanzo. Mwalimu kamwimbisha kila mtu mbele ya wenzake. Jirani yangu wa cherehani, anayejiona malkia wa sauti ya kwanza, anaimbia puani. Kaambiwa apige miayo ili koo lifunguke. Akapiga miayo, akashukuru, akaendelea na pua yake. Kisha mimi. Mimi ambaye kiwanda kizima kinaniita Mumunya, ati nayamumunya maneno kama bibi asiye na meno! Nikashusha pumzi tumboni, nikafungua koo, nikaimba. Mwalimu kasema neno moja tu: huyu.

Kwa hiyo ubeti wa tatu ni wangu, wengine wataguna "mmm" nyuma yangu. Afisa kanikabidhi karatasi yake mkononi, imekunjwa mara nne. Nimelia chooni huku nimeshikilia kamba ya mlango.

Alhamisi, 13 Machi

B yangu dhaifu. Mwalimu ananiwekea kipande cha karatasi mbele ya midomo: nikisema "ba" lazima kipepee. Hakipepei. Leo nimesema "tumekubali" labda mara mia mbili. Tumeku-BA-li. Kwenye cherehani, kwenye foleni, bafuni. Wenzangu wanaguna tu, wala hawasikilizi, kila mtu na shida zake za koo.

Ila duka la dawa! Nimeomba dawa ya kikohozi cha mama, na muuzaji hakuniuliza "unasemaje?" Kanipa tu. Nimerudi njia nzima naongea peke yangu, nisikie raha yake.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya mama. Kila Jumamosi ni yake: namwogesha, namkata kucha, namtembeza mpaka getini na kumrudisha. Tangu mguu upooze hana mwingine wa kumshika, na siku nyingine sipati nafasi. Masikio nayo hayasikii vizuri. Tangu utoto wangu ananigombeza: toa maneno mdomoni, we mtoto!

Leo namchana nywele huku naimba ubeti wangu. Taratibu, koo wazi:

*Jumamosi tumekubali*
*kuitoa kwa hiari...*

Mama kaudaka mkono wangu pamoja na kitana.

"Jumamosi umempa nani?"

Nikaruka kwa furaha. Mama, umesikia! Umesikia kila neno!

"Nimesikia. Nakuuliza, umempa nani?"

Nikaitoa karatasi nikaisoma, safari hii kama mtu anayesoma barua. Eti sisi wafanyakazi tumeridhia wenyewe kuja kazini kila Jumamosi, kwa mapenzi yetu kwa kiwanda. Siku tano naimba maneno haya! Nilikuwa natafuta B, Jumamosi yenyewe sikuiona. Mjinga wa kutupwa.

Mama kainamisha kichwa nimalize nywele.

Jumatatu, 17 Machi

Nilimwambia jirani wa cherehani asubuhi. Kufikia chai ya saa nne ukumbi mzima unajua.

Nikaenda kwa Afisa. Ni wimbo tu, dada yangu, kasema. Basi tuubadilishe, nikasema. Hapo akainuka akafunga mlango. Mgeni anataka kusikia hiari ya wafanyakazi kutoka vinywani mwao wenyewe, itarekodiwa, ipelekwe makao makuu, watu wasisumbuliwe na fomu za kutia sahihi. Kumbe mwalimu kaletwa kwa ajili hiyo! Nasi tukadhani tunapendwa.

Kisha akalainika. Kiti cha msimamizi wa meza yetu kiko wazi, kasema, na msimamizi mzuri ni mtu anayesikika. Wasimamizi, kaongeza, Jumamosi hawaji.

Mtu huyu anajua habari za mama yangu. Nani kamwambia?

Nje wamenizunguka. Jirani kanishika bega: "Shoga, si uimbe tu kama zamani? Mumunya! Nani atajua?" Miaka kumi na mmoja wananicheka, leo wananiomba nimumunye kwa heshima zote. Najua wana haki. Nimechukia hata hivyo. Sauti nimeipata juzi tu! Niirudishe?

Habari ya kiti sijamwambia mtu. Hata Baba Watoto.

Jumatano, 19 Machi

Nimejaribu kumumunya mazoezini. Haiwezekani! Mdomo ukishafundishwa unatamka wenyewe. Nyuma yangu waliguna kwa hasira, na ajabu, ile "mmm" haijawahi kuwa nzuri vile.

Nikamweleza mwalimu maana ya ubeti. Akasema yeye kaajiriwa kwa ajili ya herufi, maana haimo kwenye mkataba wake. Kavaa miwani, kavua, kavaa tena.

Jirani haniongeleshi. Kinanda kaniambia kwamba yeye wanawe huwaona Jumamosi tu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ijumaa, 21 Machi

Niko nyuma ya jukwaa, naandikia magotini. Mgeni amekaa mstari wa mbele, kinasa sauti mezani kwake. Afisa anahutubia, na hotuba zake tunazijua, muda ninao.

Mwalimu kanifuata, kataka nimwimbie mstari ule sikioni. Nikaimba. Kakunja uso. Neno langu linalegea mwishoni, kasema — ba, li — litafia viti vya katikati. Ukumbi huu unataka herufi ngumu. K. T. Nikamwambia neno ndilo hilo, nitafanyaje. Akafuta miwani muda mrefu. Akasema katika kazi yake amekutana na maneno mengine ya silabi tano, magumu mwishoni, yanayokaa kwenye tuni hiyohiyo bila shida. Kisha akaenda kupanga watu mistari.

Nimehesabu kwa vidole. Tu-me-ka-ta-a. Tano!

Sijui. Kweli sijui. Nikiimba neno la Afisa, nakaa kwenye kiti cha msimamizi, na mama ana Jumamosi yake, yeye peke yake kati ya wazazi wa watu wote hawa. Nikiimba hili, huenda Jumatatu sina hata cherehani. Naogopa; nimeweka kiganja pale pale palipokuwa na tofali, nahesabu pumzi.

Jirani kaninong'oneza mwishowe: mumunya, nakuomba. Nikamwambia hapana, nitaimba wazi. Kanigeuzia mgongo. Anadhani nimewauza.

Makofi. Kamaliza.

Afisa huyu hapa, kaniletea glasi ya maji ya uvuguvugu kwa mkono wake, kanishikia mpaka nikanywa. Ule ubeti wa tatu, kasema, mpaka mlinzi wa getini asikie. Nimemjibu asiwe na wasiwasi, B ilinisumbua kidogo, lakini K yangu iko vizuri sana. Kafurahi! Kaenda kumnong'oneza mgeni, mgeni kakisogeza kinasa sauti karibu.

Wenzangu wanapanda ngazi. Nafunga —