Moshi Usiofika kwenye Simu Yako

Rumonge, Jumanne

Kwa kaka yangu Salmin,

Assalaam alaikum. Natumaini wewe, wifi Abeer na watoto mu wazima huko Bujumbura, na duka linaendelea vizuri. Sisi huku wazima, isipokuwa Mama, ambaye hali yake unaijua, na mimi, ambaye hali yangu hujauliza. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu karatasi huwezi kuikata katikati kama unavyonikatia simu.

Jana ulimpigia mama mdogo Salima ukamwambia kwamba Mama ni mkaidi, kwamba ulimnunulia mashine za kisasa naye akajificha stoo kupika mpaka akakaribia kufa, na kwamba Ijumaa unakuja kumchukua akaishi kwako. Niliposikia nilichukua kalamu. Kaa chini usome.

Sikatai, feni ya jikoni ni nzuri. Bienfait, yule fundi uliyemtuma, aliifunga vizuri. Kile kidude cha darini kikinusa moshi tu, feni inawaka yenyewe na moshi wote unatoka nje. Kifua cha Mama kilipata nafuu ambayo sijaiona miaka mingi. Ungeishia hapo, leo ningekuwa nakuombea dua. Lakini wewe ulitaka kidude hicho kipige king'ora, na kila moshi ukufikie kwenye simu yako. Na unajua Mama anavyopika maharage: mawese lazima yaungue kwanza juu ya imbabura, lile jiko lake la makaa, yafuke mpaka wekundu uishe, ndipo kitunguu kiingie. Ndivyo alivyokulea. Basi kila adhuhuri king'ora kililia, na kabla kitunguu hakijaiva simu yangu inaita, wewe unafoka kutoka dukani, unaniagiza nimpe Mama simu, unamuuliza mzazi wako anachoma nini tena. Alikuwa anakujibu kwa sauti ndogo, mwiko mkononi. Niliona aibu kwa niaba yako.

Kisha ukamwambia king'ora kikilia tena mara moja tu, unamhamishia Bujumbura. Labda kwako yalikuwa maneno tu. Mama hakula siku hiyo. Aliniambia hawezi kuliacha kaburi la Baba akakae ghorofani kwako kusubiri kuletewa chai.

Wiki mbili zilizofuata simu yako ilikuwa kimya. Ukatuma ujumbe wa kujisifu kwamba hatimaye Mama ameelewa. Hakuna aliyeelewa chochote, kaka. Mvua ilikuwa haiachi, uani hapapikiki, kwa hiyo imbabura ilihamia stoo na makaa yake, mlango ukafungwa na chini ukazibwa kwa kitambaa ili moshi usivuke kwenda jikoni. Simu yako ilikuonyesha jiko safi kwa sababu hakuna aliyepika humo.

Alhamisi nilirudi kutoka sokoni na ndagala, dagaa wa ziwani, nikamwita mara tatu. Nilimkuta stoo amelala ubavu, sufuria imeungua kabisa. Mimi na Kadidja wa jirani tulimburuta mpaka uani, mvua ikampiga usoni, ndipo akavuta pumzi. Daktari alisema hewa ya makaa kwenye chumba kilichofungwa humuua mtu bila hata kumwamsha.

Sasa sikia alichokuficha. Ulipompigia akiwa hospitali, alikwambia alijipeleka stoo mwenyewe. Si kweli. Mama alikataa, akasema mle hamna hewa. Ni mimi niliyeibeba imbabura, na ni mimi niliyeuziba mlango kwa kitenge changu kikuukuu, kwa sababu nilichoka kusikia unavyomfokea. Nilitaka unyamaze. Nusura nimuue mama yetu ili wewe unyamaze, naye akabeba lawama ili usinichukie.

Basi nichukie. Lakini Mama haendi popote. Stoo nimeitia kufuli, na mawese yanaungua jikoni, chini ya feni yako. Leo asubuhi Bienfait amekuja. Nimemwomba aiondoe simu yako kwenye kile kidude na king'ora akiache. Kikilia, tutakaosikia ni sisi tulio karibu naye. Ijumaa ukija, njoo kama mgeni, utapakuliwa maharage.

Msalimie sana wifi Abeer, na watoto uwabusu kwa ajili yangu. Mama anakusalimu kama kawaida yake. Hajui kwamba nimekuandikia.

Dada yako,
Samiha